Betri Iliyoiva Kilimani Mbuya

Siku mke wangu aliporuhusiwa kutoka hospitali, alisema alhamdulillahi mara tu tulipopita geti, kisha akauliza baiskeli yake iko wapi. Nikamwambia iko sebuleni, nimeifunika shuka. Akasema mambo ya kufunikwa shuka ni ya maiti, nikifika niifunue. Mtu ametoka kulazwa kwa homa ya mapafu, hawezi kumaliza sentensi bila kusimama katikati kutafuta pumzi, na hiyo pumzi kidogo anayoipata anaitumia kunisema. Nikageukia dirisha, maana dereva wa teksi alikuwa anasikiliza na mimi sipendi kugombezwa mbele za watu.

Tunakaa Nsambya, kwenye nyumba ya kupanga yenye kibaraza kinachotazama barabara. Mimi ni Mkenya, mtu wa Mombasa. Nilikuja Kampala na kampuni ya kutoa mizigo forodhani, nikawaaga nyumbani kwamba nakaa kidogo tu, na hiyo kidogo bado haijaisha. Mke wangu ni wa hapa hapa. Wazee wa wazee wake walikuja na biashara kutoka pwani, wakaoa, wakajenga, wakasahau njia ya kurudi. Kwao wanapika pilau Ijumaa na matoke siku zilizobaki, na Kiswahili chao kimechanganyika na Kiganda kiasi kwamba mwaka wetu wa kwanza nilikuwa naitikia tu, kisha naenda kuuliza jirani nimekubali nini.

Kazi yake ni chakula cha mchana. Asubuhi anapika matoke, wali, mchuzi wa karanga, maharage, na nyama siku ambayo nyama imempendeza. Anafunga vyote, anapakia kwenye baiskeli, anapita Namuwongo, anavuka reli, anaingia Bugolobi, halafu anakipanda kilima cha Mbuya mpaka karibu na juu kabisa, penye karakana ya maseremala. Hao maseremala wanamla yeye kila siku ya kazi, na ninavyosema wanamla yeye ni hivyo hivyo wanavyosema wao: leo tunakula yule mama wa baiskeli.

Baiskeli yenyewe si ya ajabu. Ni ile ya kizee ya mtumba kutoka Japani, yenye kikapu mbele, keria pana nyuma na fremu iliyoinama katikati ili mtu mwenye gauni aweze kupanda bila kuinua mguu mpaka mbinguni. Ajabu ni kumwona yeye juu yake. Kampala mwanamke hupakiwa. Anakaa upande, miguu pamoja, mkoba mapajani, na mwanamume ndiye anayeshika usukani. Mke wangu alipoanza kujiendesha, buibui limekunjwa na kubanwa kwa pini, watu wa boda walimtania kila kona. Aliwajibu kila kona. Baada ya muda wakawa wanampisha, wengine wanamwamkia, na mmoja akawa anamwagizia maharage.

Msiniulize kwa nini asimpe mtu wa boda apeleke chakula yeye akae. Alijaribu, zamani, alipokuwa na mafua. Mchuzi wa karanga ulifika Mbuya ukiwa kwenye mgongo wa dereva.

Daktari aliyemwangalia alikuwa mama mpole, na pengine ndiyo maana maneno yake yaliuma zaidi. Alisema ugonjwa umekwisha lakini mapafu yamebaki na makovu. Tambarare anaweza kuendesha, taratibu, akipata nafuu. Kupanda kilima kwa nguvu ya miguu yake, na mzigo juu, hiyo asahau. Hakusema asahau mwezi huu. Alisema asahau.

Jioni ile mke wangu alikaa kibarazani bila kuvua viatu.

“Mbuya ni kilima,” akasema.

“Ni kilima.”

“Basi nimefutwa kazi.” Akavuta pumzi. “Na daktari.”

Mimi nilitaka afutwe. Nasema wazi, kwa sababu hata wakati ule sikuficha. Nilikuwa nimemwona kitandani na mipira ya oksijeni puani, midomo imebadilika rangi, na ukishamwona mkeo hivyo, habari za maseremala wenye njaa hazikuingii. Nikamwambia apumzike, mshahara wangu unatutosha, watoto wameshaoa na kuolewa, atafute kitu cha kufanya akiwa amekaa. Afume vitambaa.

Alinitazama kama mtu anayetazama maziwa yaliyoganda. “Nifume,” akasema. “Mimi.” Akapumzika. “Nikikaa humu ndani nitakufa mapema kuliko kilimani, mzee. Na nitakufa nimenuna.”

Nilimjua. Ni mtu ambaye akikosa watu wa kuwalisha anaanza kulisha kuku wa jirani.

Msimamizi wa karakana alikuja kumjulia hali, na mananasi mawili kwenye kavera, mfuko wa plastiki. Ni jitu refu la sauti ya chini, aliwahi kuwa askari, na Kiswahili chake ni kile cha kambini. Alikaa pembeni ya kiti, akala kashata, akazunguka mbuyu wee, mwisho akafika alikokuwa anakwenda.

“Mama, sisi tutangoja mpaka Idi ipite,” alisema. “Ramadhani vijana wengi wanafunga, hawa wengine watakula chapati tu. Lakini Idi ikipita, watu itataka chakula yao. Kuna mama mwingine amekuja kuuliza mara mbili. Mimi nilimwambia ngoja.”

“Kale,” mke wangu akasema, yaani sawa. “Nitakuja.”

Niligeuka kumtazama. Atakuja na nini? Msimamizi naye alimtazama, na akawa na adabu ya kutouliza. Alipoondoka nilimwuliza mimi, kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Akanijibu kwamba hajui bado, nisimharakishe.

Jibu lilipita barabarani siku chache baadaye. Tulikuwa tumekaa hapo kibarazani, nami namenya nanasi, mara pikipiki ikapanda mteremko wetu ikiwa na dereva, abiria mnene na gunia la mkaa, na haikutoa sauti isipokuwa ya matairi. Siku hizi ziko nyingi, zile za umeme ambazo dereva hubadilisha betri kituoni kama mtu anayerudisha chupa za soda.

“Ile inapanda,” mke wangu akasema.

“Ni ya umeme.”

“Watu wawili na gunia.”

“Ndiyo.”

“Na mimi ni mtu mmoja.” Pumzi. “Na sufuria.”

Nikaona tunakoelekea. Nikasema ile ni pikipiki, imezaliwa hivyo, baiskeli ni baiskeli. Hakubishana. Alimaliza nanasi lake, akaingia ndani, akaanza kupiga simu. Alipiga kwa shangazi zake, kwa mabinamu, kwa watu wa chama chao cha akina mama, na kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama alikuwa amempata fundi, tena amekubaliana naye bei kwa fedha ya chama ambayo hanishirikishi na sikuulizia.

Fundi alikuwa Mkongomani mwenye banda Katwe, pembeni ya wachomelea mageti. Sijawahi kukutana na mtu anayejisifu kama yule. Alijisifu kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na akimaliza hapo alipiga mluzi. Aliizunguka baiskeli, akaigonga kengele, akasema hii kwake ni chai ya asubuhi, amefunga mota kwenye baiskeli za wauza mkate, za wauza maziwa, na moja ya padri.

“Padri alikuwa mnene?” mke wangu akauliza.

“Sana, mama.”

“Alipanda kilima?”

“Alipanda akiimba.”

Hapo akamwamini, akavuta kigoda, akakaa karibu na mikono yake. Mimi nilisimama mlangoni na uso wa mtu aliyeletwa.

Na sasa niseme ukweli mwingine: ile kazi ni nzuri kuiangalia. Fundi alivua gurudumu la mbele akaweka jingine ambalo kitovu chake ni kinene kama chungu kidogo, na ndani ya hicho kitovu ndimo mota ilimolala. Akachomelea kipande cha chuma cha kushika ekseli, ili mota ikisukuma isije ikajitoa kwenye uma wa mbele. Chini ya kiti akafunga kiboksi kinachogawa umeme. Kwenye mpini wa kulia akaweka kishikio cha kuzungusha kama cha pikipiki, na breki akazibadilisha ili ukizibana tu umeme ukatike wenyewe. Waya zote alizipitisha chini ya fremu na kuzibana vizuri, hakuna uliokuwa unaning’inia. Betri, boksi jeusi la ukubwa wa mkate mkubwa na zito kuliko linavyoonekana, akaifunga nyuma juu ya keria. Mzigo wa chakula, akasema, utakaa juu ya betri, na kila mtu atakuwa na nafasi yake.

Mke wangu aliuliza kila kitu. Huu waya ukilowa? Hii ikizimika, pedeli zinafanya kazi? Taa hii nyekundu inasema nini? Fundi alipokuwa anajibu kwa majisifu mke wangu alimngojea amalize, kisha akauliza lile swali upya mpaka fundi ajibu kwa maneno ya kawaida. Namna hiyo ndiyo anayonunulia samaki. Nilikuwa nimeoana naye miaka mingi na bado nilikuwa nasimama mlangoni mwa banda la watu, mdomo wazi, namstaajabia.

Ramadhani ile daktari alimkataza kufunga, na jambo hilo lilimtoa machozi ambayo hospitali haikuyatoa. Alikula mchana amejificha jikoni kwake mwenyewe. Lakini alasiri, jua likipungua, tulitoka na baiskeli mpaka kwenye njia ya murram, ile ya udongo mwekundu isiyo na lami, nyuma ya nyumba zetu, akawa anajifunza. Mimi nimefunga, koo limekauka, nakimbia nyuma nimeshika keria kama baba anayemfundisha mtoto, na yeye ndiye anayeniambia niachie. Anakanyaga pedeli polepole, hivi hivi, kama anayetwanga kitu chepesi, anazungusha kishikio, baiskeli inakwenda. Watoto wa mtaa walipiga makofi. Tatizo lilikuwa moja: penye changarawe na mwinuko, gurudumu la mbele lilikuwa linateleza na kuzunguka bure. Fundi alipoulizwa kwa simu alisema barabara ya lami hainaga hayo. Nikasema fundi huyu ni mwongo, mke wangu akasema nimefunga, nisimseme mtu.

Idi ikaja, tukala, ikapita. Siku ya kazi ya kwanza baada ya Idi aliamka akapika kama hajawahi kuumwa.

Hapa lazima nieleze jinsi anavyofunga chakula, maana mambo yote yalilala hapo. Kapu kubwa linatandikwa majani ya ndizi. Matoke yanawekwa yakiwa bado ndani ya majani yaliyopikiwa, yakifuka moshi. Wali kwenye sufuria yake, mchuzi kwenye sufuria yenye mfuniko wa kubana, na juu majani mengine. Halafu kapu zima linaviringishwa blanketi la zamani na kufungwa kamba. Hivyo ndivyo mama yake alivyofunga, na bibi yake. Chakula kilichofungwa hivyo saa nne, saa saba kinakuunguza ulimi. Wateja wake wanampendea hilo kuliko hata chumvi yake.

Asubuhi ile mawingu yalikuwa mazito upande wa ziwa. Akaitazama betri pale kwenye keria. “Hii ikilowa,” akasema, “tumekwisha.” Akaiviringisha majani ya ndizi, akaivika kavera, kisha akasema kapu likae juu yake na blanketi livae vyote viwili. Mimi ndiye niliyefunga kamba. Nilifunga kweli kweli, fundo juu ya fundo, hata upepo usingepata pa kupenya. Nikarudi nyuma, nikauangalia ule mzigo, nikaona nimefanya kazi ya kiume.

Alinikataza nisimfuate. Nikamfuata. Nilichukua boda, nikamwambia dereva akae nyuma kidogo, na dereva akaniuliza kama yule mama ni mke wangu na amenitoroka. Namuwongo alipita vizuri. Kwenye reli alishuka, akavuka, akapanda tena. Bugolobi alikwenda mbele ya magari yaliyokuwa yamekwama, buibui linapepea, na mama mmoja muuza ndizi aliacha kuhesabu chenji ili amtazame. Nilikuwa najisikia vizuri, nikaanza hata kumweleza dereva habari za mota na padri mnene.

Kilima kilipoanza kusimama, alipanda. Nilimwona akipanda amekaa wima, miguu inazunguka taratibu, anawapita watembeao kwa miguu. Alifika nusu. Kisha baiskeli ikasita, ikaenda urefu wa mtu, ikasimama. Aliweka mguu chini. Alizungusha kishikio. Akazungusha tena. Nilipofika alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro, mkono kifuani, na hakuuliza kwa nini nimemfuata, ndipo nikajua hali ni mbaya.

“Haina moto?” nikauliza.

“Imekufa,” akasema. “Kabisa.”

Nilimwacha hapo na dereva wa boda, nikaisukuma baiskeli na mzigo wake mimi mwenyewe mpaka juu. Mimi ni mtu wa ofisi, tumbo langu ni la ofisi. Sijui nilimlaani nani na nani kwenye kile kilima, lakini fundi nilimlaani sana. Nilifika saa nane imepita, nikalegeza blanketi juu tu ili kupakua, kisha nikafunga tena. Maseremala walikuwa wameshakula chapati za mayai za barabarani, na wengine wakala tena kwa huruma, wamekaa kwenye mbao. Msimamizi alirudisha sahani yake akiwa ameisafisha.

“Chakula iko tamu na iko moto,” alisema. “Lakini saa ya kula ni saa saba. Mzee, mimi nampenda mama. Kesho akifika saa saba, sawa. Asipofika, nitaita yule mwingine. Si kwa ubaya.”

Nilimwambia mke wangu maneno hayo pale pale mtaroni. Hakulia. Alivua viatu, akavipanga kando, akatazama barabara. Mimi nikaanza hotuba yangu: si nilisema, si daktari alisema, tuuze mota, tumshukuru Mungu. Aliniacha nikamaliza. Akasema nimpigie fundi.

Fundi alikuja nyumbani alasiri, bila kupiga mluzi. Nilimpokea kwa maneno ambayo Ramadhani nzima nilikuwa nimeyabana. Alikata kamba zangu fundo kwa fundo, akafunua blanketi, akatoa kapu, akavua kavera, akabandua majani. Majani yale ya ndizi yalikuwa yamelegea na kubadilika rangi, yananukia jikoni. Akaweka kiganja juu ya betri akakitoa haraka. Wakati wote huo ilikuwa haijapoa.

“Mama,” akasema, “betri umeipika.”

Kisha akaeleza, na safari hii hakujisifu. Betri ikivuta mzigo kilimani inapata joto yenyewe. Juu yake mmeweka sufuria, mkaivika majani, mkaifunika blanketi, na moto haukupata pa kutokea. Ndani yake mna ulinzi. Joto likizidi inajizima isije ikaungua. Ikipoa itaamka. Haina ugonjwa wowote.

Mke wangu alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikamletea maji, akayanywa akacheka tena. Fundi naye akacheka, na mimi mwisho nikashindwa. Tumeitunza betri kwa mapenzi yote, tukaifunga kama tunavyofunga kila tunachokithamini, na ikaiva.

Alipotulia alisimama. Sasa lilikuwa jambo la joto, na joto ni jambo lake. Fundi alisema betri ihamie chini ya fremu. Mke wangu akamwonyesha kwamba fremu imeinama, hakuna nafasi. Fundi akasema basi chakula kiende mbele. Akakataa, kapu lile litamziba macho. Alizunguka baiskeli mara moja, akagonga kikapu cha mbele kwa kidole.

“Hapa,” akasema. “Upepo wote unapiga hapa. Kavera juu tu, kama mwavuli. Chini wazi.”

Fundi akafikiri. Akasema pia uzito ukija mbele, gurudumu la mota litashika barabara, halitateleza tena. Akaongeza kwamba hilo alikuwa analijua tangu mwanzo. Mke wangu alimwitikia, “Eh, ssebo,” ndiyo bwana, kwa upole sana, akamshikia bisibisi. Waya zikarefushwa, kikapu kikaongezewa vyuma viwili vya kukishika, na walipomaliza mke wangu akaujaribu mwinuko wa murram, gurudumu likatulia. Sikuwahi kumpenda kama jioni ile, mikono ina grisi, ushungi umekwenda kando, anambishia Mkongomani habari ya skrubu.

Lakini kwenye murram hapakuwa na mzigo, wala hapakuwa Mbuya.

Kesho yake alinipiga marufuku kabisa. Alisema nikionekana popote kati ya Nsambya na Mbuya, chakula cha jioni nitapika mwenyewe. Nilimsaidia kupakia, nikamshikia baiskeli, nikamtazama mpaka alipokata kona. Nikaenda kazini.

Sijui niliandika nini siku ile. Kuna kontena la mtu nililitaja kwa namba ya mtu mwingine, nikaja kulirekebisha baadaye. Saa sita nikaweka simu juu ya meza. Niliiona kila hatua: sasa yuko relini, sasa yuko Bugolobi, sasa kilima kinaanza. Nilimwona ameketi mtaroni, mkono kifuani, safari hii bila mtu. Nilijiambia asipopiga mpaka saa saba na nusu nitachukua boda, hata kama nitajipikia chakula cha jioni maisha yangu yote. Katibu wetu aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia aniache.

Simu ikalia. Nikaitazama kwanza. Ilikuwa yeye.

“Mzee, upawa uko wapi,” akaanza, “nimefika huku juu saa saba haijagonga, watu wamepanga mstari na sahani mkononi, nafungua kapu upawa hamna, na asubuhi nilikuambia weka upawa ukasema umeweka, sasa nimegawa mchuzi kwa kikombe cha chai cha seremala mbele ya watu wazima, msimamizi ananicheka, betri nimefunga mwenyewe, matoke nimefunga mwenyewe, kilima nimepanda mwenyewe, wewe kazi yako ilikuwa moja tu, upawa, na usiniambie umesahau kwa sababu ulikuwa na mawazo, mawazo ya nini, mimi si nilikuambia nitafika?”

Hakusimama popote. Sikusikia pumzi hata moja. Nilikuwa nimesimama katikati ya ofisi, machozi yananitoka, katibu ananikodolea macho.

Nikamwambia mtandao mbaya, sijasikia kitu, hebu aanze tena mwanzo.